Kompyuta ya Ofisini Inayochelewa Kuwaka: Ni Nzito, au Inasubiri?

Swali

Mimi ni mhasibu wa shule ya binafsi mjini Tanga. Ofisi zetu za utawala zina kompyuta 14 zilizounganishwa na seva moja, na kila asubuhi ninaingia kwa jina langu na nenosiri la domeini ya shule, yaani kundi la kompyuta zinazosimamiwa na seva hiyo. Kwa muda wa miezi miwili sasa kompyuta yangu, ambayo ina Windows 10, RAM ya GB 8 na diski ya SSD, huchukua kama dakika 9 tangu ninapobonyeza kitufe hadi ninapoweza kufungua daftari la ada. Ya mwenzangu wa stoo nayo iko hivyohivyo, lakini nyingine zote, zilizonunuliwa siku moja na zetu, huwa tayari ndani ya dakika 2. Tatizo lilianza wiki ile tulipobadilishiwa ruta. Siku hiyo sisi wawili tulikosa intaneti, na fundi akatushughulikia palepale. Sasa fundi anasema mashine zimechoka, tuzifomati au tuongeze RAM, na mkuu wa shule anataka maoni yangu kabla ya kuidhinisha fedha. Kuna jambo moja lililonishangaza: siku moja mafundi wa umeme walichomoa waya wa mtandao nyuma ya kompyuta yangu, na asubuhi hiyo iliwaka haraka sana, ingawa mafaili ya seva hayakufunguka. Nifanye nini?

Jibu

Ndugu mhasibu, jambo ulilolitaja mwishoni, kana kwamba ni kioja tu cha siku moja, lina uzito kuliko mengine yote uliyoyaandika. Kompyuta iliyochoka haipati nafuu kwa kuchomolewa waya. Yenye diski inayokufa, RAM haba au Windows iliyoharibika huchelewa ikiwa na mtandao na huchelewa bila mtandao, kwa sababu ugonjwa wake umo ndani ya kasha. Yako huchelewa inapokuwa imeunganishwa tu, tena huchelewa pamoja na ya mwenzako aliyeshughulikiwa na fundi siku ileile, huku wenzao 12 wa umri mmoja wakiendelea vizuri. Kwa hiyo maoni yangu, hata kabla hatujapima chochote, ni kwamba mkuu wa shule asiidhinishe fedha bado.

Tunapenda kusema kompyuta ni “nzito”, na neno hilo hufunika hali mbili ambazo mtu aliyekaa mbele ya skrini hawezi kuzitofautisha kwa macho. Ya kwanza ni mashine inayofanya kazi nyingi kuliko uwezo wake. Ya pili ni mashine isiyofanya kazi yoyote, kwa kuwa imeuliza swali mtandaoni na inangoja kujibiwa. Katika hali ya kwanza RAM au diski mpya husaidia. Katika hali ya pili unaweza kuijaza RAM mpaka mwisho wa uwezo wake na bado itaendelea kungoja kwa muda uleule, kwa sababu urefu wa kungoja umepangwa katika programu na hautegemei nguvu ya mashine.

Ili hili lieleweke, inafaa kujua kompyuta ya ofisini hufanya nini asubuhi ambacho ya nyumbani haifanyi. Ya nyumbani ikiwaka haimuulizi mtu. Ya ofisini iliyo ndani ya domeini huanza kwa kuomba anwani ya mtandao kwa huduma ya DHCP, kisha huiuliza DNS, huduma inayobadili majina kuwa anwani, ni seva ipi inayosimamia domeini hii, kisha huiendea seva hiyo na kujitambulisha, kulinganisha saa na kuchukua sera, yaani kanuni zilizowekwa kwa ajili ya kompyuta. Hayo yote hutokea kabla hujaandika nenosiri. Ukishaliandika, maswali huanza upya kwa ajili yako wewe mtumiaji: sera zako, skripti ya kuingia (orodha ya amri zinazojiendesha) kama ipo, folda za seva zinazojitokeza kama diski yenye herufi yake, printa za mtandao, na katika ofisi nyingine profaili yako nzima, yaani mipangilio na mafaili yako. Kila swali lina muda wake wa kungojewa. Lisipojibiwa hurudiwa, kisha huulizwa kwa njia nyingine, kisha huachwa na mashine ikaendelea na linalofuata. Sekunde 15 hapa na 30 pale, zikirudiwa mara kadhaa, hufika dakika 9 bila shida yoyote.

Mashine haikwambii kwamba imekosa jibu. Inakuonyesha duara linalozunguka na neno la kukukaribisha, na mwisho inakuingiza, jambo ambalo humfanya kila mtu aamini kwamba seva imepatikana ila kwa taabu. Mara nyingi haikupatikana kabisa. Windows kwa kawaida hutunza ndani ya mashine kumbukumbu za watumiaji 10 wa mwisho walioingia, ili mtu aweze kuingia hata seva ikiwa imezimwa, na inapokata tamaa hutumia kumbukumbu hiyo. Ndiyo sababu pia iliwaka haraka siku ile waya ulipochomolewa: pasipo waya, Windows hujua mara moja kwamba hakuna mtandao, haiulizi, na huenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu yake. Waya ukiwepo huamini kuna mtandao, na huendelea kuuliza.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Kipimo hiki kinahitaji saa na karatasi tu. Dakika 9 ulizozitaja ni jumla, na jumla haionyeshi kuchelewa kuko wapi. Andika nyakati tano: unapobonyeza kitufe, inapotokea nembo ya Windows, inapotokea nafasi ya kuandika nenosiri, inapotokea picha ya eneokazi baada ya nenosiri, na unapoweza kweli kufungua faili. Muda unaopotea kabla ya nembo ya Windows hauihusu Windows hata kidogo. Huenda mashine imepangwa kujaribu kwanza kuwaka kutoka mtandaoni badala ya kwenye diski yake, mpangilio ambao hurudi wenyewe katika baadhi ya mashine pale betri ndogo ya ubao-mama inapokwisha. Muda unaopotea kati ya nembo na nenosiri ni wa mashine kutafuta seva na kupakia draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa. Unaopotea baada ya nenosiri ni wa sera zako, skripti, folda na profaili. Unaopotea baada ya eneokazi kutokea ni wa programu zinazojianzisha zenyewe, na hapo kinga ya virusi huwa ya kwanza kutazamwa.

Wakati saa inakwenda, tazama taa ndogo ya diski mbele ya kasha, kama mashine yako inayo. Ikimeta mfululizo, mashine iko kazini. Ikitulia, ikimeta mara moja baada ya sekunde kadhaa huku duara likizunguka, mashine imekaa inangoja. Nimekwisha kuwaepushia wakuu wa ofisi kadhaa gharama ya kununua mashine mpya kwa kuwaonyesha taa hiyo tu.

Kuna hadhari mbili katika kupima. Ya kwanza ni kutumia njia ileile kila mara, na ninapendekeza kuanzisha upya badala ya kuzima na kuwasha. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida hakuzimi kila kitu: sehemu ya mfumo huandikwa kwenye diski na kurejeshwa asubuhi ili mashine iwahi kuwaka, wakati kuanzisha upya hupakia kila kitu tangu mwanzo. Anayelinganisha siku aliyozima na siku aliyoanzisha upya analinganisha vitu viwili tofauti. Hadhari ya pili ni kwamba mashine isiyo na waya haipakui masasisho, wala kinga ya virusi haichukui orodha mpya, wala nakala rudufu haziendi kwenye seva. Kwa hiyo wepesi wa siku ile unaiondolea lawama diski na RAM, lakini hauziondolei lawama programu zinazotumia mtandao. Hizo utazitambua kwa kuwa kuchelewa kwake huja baada ya eneokazi kutokea, na taa ya diski huwa haitulii.

Sasa nije kwa mshukiwa wangu mkuu, ambaye ni DNS. Kazi ya DNS ni kubadili majina kuwa anwani, lakini ndani ya domeini ya Windows ina kazi ya ziada ambayo mafundi wengi wa intaneti hawaikumbuki: ndiyo inayoiambia kompyuta seva inayosimamia domeini ni ipi na iko wapi. Taarifa hizo zimo katika DNS ya seva yenu ya shule peke yake. Fikiria mgeni anayetafuta nyumba katika mtaa wenu. Akimuuliza mjumbe wa nyumba kumi ataonyeshwa mlango. Akipiga simu kumuuliza karani wa posta kuu ya Dar es Salaam, ambaye anajua anwani za mashirika yote makubwa, ataambiwa hakuna nyumba ya jina hilo, na karani atakuwa amejibu kwa uaminifu kabisa.

Nikisoma maelezo yako, naona hivi. Ruta ilibadilishwa, mashine mbili zikakosa intaneti, na fundi, akiwa na haraka na akiwa na nia njema, akafungua mipangilio ya kadi ya mtandao ya mashine hizo mbili na kuandika kwa mkono anwani ya DNS ya umma, yaelekea 8.8.8.8, ambayo ni huduma iliyoanzishwa na Google mwaka 2009 na ambayo karibu kila fundi anaijua kwa moyo. Intaneti ilirudi papo hapo. Kila mtu alifurahi, fundi akaondoka, na matokeo yakaonekana kesho yake asubuhi, wakati hakuna aliyeyahusisha na kazi ya jana. Tangu hapo, kila asubuhi mashine yako inamuuliza karani wa mbali habari za mtaa wa Tanga. Mafaili ya seva hufunguka hatimaye kwa sababu Windows, ikikosa jibu la DNS, hujaribu njia za zamani za kuita jina kwa sauti kwa mashine zote zilizo karibu, na seva iliyo kwenye swichi hiyohiyo inaweza kuitikia. Lakini njia hiyo ni ya polepole na haitoshelezi mambo yote ya domeini.

Huu ni ukisiaji, na unathibitishwa kwa dakika mbili. Fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafuta, kisha andika ipconfig /all na ubonyeze Enter. Katika maandishi yatakayotokea, tafuta mstari wa “DNS Servers” chini ya kadi ya mtandao inayotumika. Fanya hivyohivyo kwenye kompyuta ya mwenzako ambaye mashine yake haina tatizo, na uweke karatasi mbili sambamba. Ikiwa kwake pameandikwa anwani ya seva ya shule, kwa mfano 192.168.1.10, na kwako pameandikwa 8.8.8.8 au anwani ya ruta, kama 192.168.1.1, mshukiwa amekamatwa. Maandishi hayohayo yana mstari wa “Primary Dns Suffix”, ambao ndio jina la domeini yenu. Andika nslookup ukifuatisha jina hilo: kwenye mashine nzima jibu litakuja mara moja likiwa na anwani ya seva, na kwenye yako utaambiwa jina halipo, au amri itakaa ikingoja.

Tazama pia kama kwako kuna anwani mbili za DNS, ya seva na ya umma, kwa sababu wapo mafundi wanaoamini kwamba kuweka ya umma nafasi ya pili ni akiba isiyo na madhara. Ina madhara. Windows ikikawia kidogo kupata jibu la ya kwanza, siku ambayo seva ina shughuli nyingi au umeme umerudi na seva haijamaliza kuwaka, huhamia ya pili na inaweza kubaki huko kwa muda. Na ile ya umma ikijibu kwamba jina halipo, Windows hulichukua jibu hilo kuwa la mwisho na hairudi kuuliza ya kwanza. Kompyuta iliyopangwa hivyo huwa nzuri siku tatu na mbaya siku ya nne, na huwachosha mafundi kuliko ile iliyoharibika moja kwa moja. Kadhalika, ukiona katika orodha ya DNS anwani ndefu yenye herufi na nukta pacha, hiyo ni ya IPv6, mfumo mpya zaidi wa anwani, na baadhi ya ruta mpya huigawa zenyewe bila kuombwa. Mtajie fundi na hiyo.

Marekebisho yake ni madogo. Kadi ya mtandao irudishwe katika hali ya kupokea anwani ya DNS yenyewe, au, kama ofisi yenu huandika kwa mkono, iandikwe anwani ya seva ya shule peke yake. Kisha mashine ianzishwe upya. Anwani ya umma ina mahali pake halali, nako ni ndani ya seva: seva huambiwa kwamba swali lolote lisilohusu domeini ya shule ilipeleke nje, na kwa njia hiyo mashine zote hupata majina ya ndani na ya intaneti kwa mlango mmoja. Fundi akikuambia kwamba intaneti yako itakatika akiondoa 8.8.8.8, maana yake ni kwamba mpangilio huo wa seva haupo au umeharibika, na huko ndiko kazi yake halisi ilikokuwa siku ile ya ruta. Mabadiliko haya yanahitaji haki za msimamizi, na hata kama unazo sikushauri uyafanye kimyakimya. Mashine ya uhasibu ikibadilishwa mipangilio bila anayesimamia mtandao kujua, hitilafu itakayofuata utabebeshwa wewe.

Kama mistari ya DNS ya mashine zote mbili inafanana na ni sahihi, tazama mistari ya DHCP katika maandishi yaleyale. Ruta mpya nyingi hutoka kiwandani zikiwa tayari kugawa anwani, na ikiwa seva yenu nayo hugawa, mna wagawaji wawili katika mtandao mmoja. Kompyuta humpokea aliyemjibu kwanza. Anayepewa na seva hupata DNS sahihi, anayepewa na ruta huelekezwa kwenye ruta. Dalili ya hali hii ni kuhamahama: leo inachelewa ya taaluma, kesho ya masjala. Kwa kuwa yenu imeganda katika mashine mbili zilezile kwa miezi miwili, sidhani kama ndiyo sababu, lakini iangaliwe, maana ruta ndiyo iliyoanzisha yote. Dawa ni kuzima ugawaji wa anwani kwenye ruta na kuiachia seva kazi hiyo.

Yapo mengine ambayo fundi mwangalifu angeyapitia. Saa ya kompyuta ni mojawapo: utaratibu wa Kerberos, ambao domeini ya Windows hutumia kuthibitisha watu na mashine, kwa mpangilio wa kawaida hukubali tofauti ya saa isiyozidi dakika 5. Ofisi zinazozima umeme wote kwenye swichi kuu jioni hugundua mapema ile betri ndogo ya ubao-mama (CR2032) inapokwisha, kwa sababu kila asubuhi mashine huamka ikiamini ni mwaka mwingine. Tazama tarehe iliyo pembeni ya skrini mara tu eneokazi linapotokea. Herufi za diski zinazoelekea kwenye seva iliyokwisha kuondolewa, au printa ambayo anwani yake ilibadilika baada ya ruta mpya, nazo huongeza muda wa kungoja. Amri ya net use itakuorodheshea folda zote ambazo mashine yako inajaribu kuzifikia, na ile usiyoitambua muulize fundi kabla ya kuifuta.

Waya wenyewe usiudharau. Kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde inahitaji nyuzi zote nane ndani ya waya, wakati megabiti 100 hutosheka na nne, kwa hiyo waya uliokanyagwa na gurudumu la kiti au kuonjwa na panya hauzimi mtandao, unaupunguza tu, na hakuna anayejua. Katika miji ya pwani kama wenu, hewa ya chumvi nayo huziharibu taratibu pini za shaba kwenye viunganishi. Kubadilishana waya na jirani kwa asubuhi moja hakuna gharama.

Jambo la profaili linastahili maelezo zaidi kidogo, si kwa sababu ninaliona katika swali lako, bali kwa sababu ndilo linalofanana nalo na kuwachanganya watu. Katika ofisi nyingine profaili ya mtumiaji hutunzwa kwenye seva na kumfuata kila mashine anayokaa, na kila kitu alichoweka juu ya eneokazi lake husafiri pamoja nayo. Niliwahi kuitwa mahali ambapo ofisa mmoja alichelewa kuingia kila asubuhi huku wenzake wa chumba kimoja wakiingia mara moja. Juu ya eneokazi lake palikuwa na picha na video za harusi zenye jumla ya GB 6, na mashine zao zilipangwa kufuta profaili kila mtu anapotoka, ili diski zisijae. Fanya hesabu: baiti moja ni biti 8, kwa hiyo GB 6 ni gigabiti 48, na katika waya wa megabiti 100 kwa sekunde hizo huchukua sekunde 480, yaani dakika 8, hata kama hakuna mtu mwingine anayeutumia mtandao. Tuliihamishia harusi kwenye folda ya kawaida na ugonjwa ukaisha siku hiyo. Tofauti ya kesi ile na yako ni kwamba ugonjwa wa profaili humfuata mtu. Mwombe mwenzako wa mapokezi aingie kwa jina lake kwenye kompyuta yako, nawe uingie kwa jina lako kwenye yake. Ikiwa kwake unaingia mara moja na yeye kwako anachelewa, tatizo ni la mashine. Kumbuka tu kwamba mtu anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye mashine huchelewa kwa dakika moja au mbili akitengenezewa profaili mpya, kwa hiyo kipimo cha haki ni cha mara ya pili.

Kwa fundi anayetaka ushahidi wa maandishi, Windows yenyewe huweka kumbukumbu. Katika programu ya Event Viewer, kwenye kumbukumbu za mfumo, tukio namba 5719 la NETLOGON husema kwamba mashine ilishindwa kufungua mawasiliano na seva ya domeini, na tukio namba 1129 husema sera hazikuchukuliwa kwa kukosa njia ya kuifikia. Katika kumbukumbu za kina za GroupPolicy, matukio namba 8000 na 8001 hutaja kwa sekunde muda uliotumika kushughulikia sera za mashine na za mtumiaji. Katika zile za Diagnostics-Performance, tukio namba 100 hutaja muda wote wa kuwaka kwa milisekunde, na namba 101, 102 na 103 huzitaja kwa majina programu, draiva na huduma zilizochelewesha. Fundi anayesema mashine imechoka ilhali hajafungua kurasa hizi anakupa maoni yake, na maoni hayatoshi kuidhinishiwa fedha.

Limebaki pendekezo la kufomati, na hapa ninaomba unisome kwa makini, kwa sababu ukikubali, yaelekea litafanikiwa. Baada ya kufomati, fundi atalazimika kuiingiza mashine upya katika domeini, na Windows haiwezi kuingia katika domeini kama DNS haimwonyeshi seva ilipo. Itamkatalia mpaka aandike anwani sahihi ya DNS. Ataiandika, mashine itaingia, asubuhi itawaka kwa dakika 2, na kufomati kutasifiwa kwa kazi iliyofanywa na namba moja iliyorekebishwa njiani. Wewe utakuwa umepoteza siku nzima, mafaili yote yaliyokuwa ndani ya diski yako nje ya seva, na mipangilio ya programu yako ya ada. Na mwaka kesho, ruta ikibadilishwa tena, mtafomati tena. Kuhusu RAM, GB 8 zinatosha kwa kazi ya uhasibu ya kawaida, na wenzako wenye mashine kama yako ni ushahidi wa kutosha. Kuhusu Windows 10, ni kweli kwamba muda wake wa kupata masasisho ya bure ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na shule ina haja ya kulipangia hilo, lakini halihusiani na dakika zako 9.

Ningeanza hivi: siku ya kwanza pima nyakati tano ukiwa na waya, siku ya pili bila waya, siku ya tatu chapisha maandishi ya ipconfig ya mashine yako, ya stoo na moja iliyo nzima, uyaambatanishe na barua fupi kwa mkuu wa shule ukiomba fundi aeleze tofauti ya mistari ya DNS. Yakirekebishwa, yarekebishwe kwenye mashine yako peke yake kwanza, na ya stoo iachwe ilivyo kwa asubuhi moja. Yako ikiwaka kwa dakika 2 na ya stoo ikabaki kwenye 9, mtakuwa mmejua sababu kwa hakika, na ya stoo itengenezwe mchana huohuo. Zikibaki sawa zote mbili, niandikie ukitaja nyakati zote tano na hali ya taa ya diski, tuanzie hapo.